Makunyanzi ya macho na ile sindano ya laki na nusu: jibu kwa Mama Neema wa Kibaigwa

Swali lenyewe ni hili: "Habari dokta. Nina miaka 44, nanunua na kuuza mahindi na alizeti pale sokoni Kibaigwa, mwaka wa 16 sasa. Pembeni mwa macho nimejaa makunyanzi, nikicheka yanatawanyika mpaka kwenye paji, na hata nikinyamaza michirizi haiondoki yote. Binti yangu ana sendofu mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Kuna saluni Dodoma mjini wameniambia kila mwisho wa mwezi anakuja dada kutoka Dar anachoma Botox, laki na nusu macho yote mawili, inakaa mwaka mzima. Rafiki yangu kanipa krimu ya kikopo kisicho na maandishi, nimepaka wiki mbili naona ngozi imelainika na inang'aa. Mwingine ananiambia nikapige leza. Kupasuliwa sitaki. Nifanye lipi? Mama Neema."

Mama Neema, habari za huko, na hongera sana kwa kumfikisha binti kwenye sendofu. Nimekusoma mara mbili, na nitakujibu kwa kirefu mana umeuliza mambo matatu kwa mkupuo mmoja, na moja linanipa wasiwasi kuliko makunyanzi yenyewe. Ni hicho kikopo, kwaiyo tuanze nacho.

Hiyo krimu acha leo hii, usisubiri iishe. Ngozi kulainika na kung'aa ndani ya wiki mbili kwa krimu isiyo na jina wala orodha ya vilivyomo, mimi nikiletewa kliniki huwa nashuku steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni, au zebaki, au haidrokwinoni, au vyote vimekorogwa pamoja. Ndo mkorogo huo huo, umebadilishiwa kikopo tu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania miaka mingi, na steroidi ni dawa, inatakiwa iandikwe na daktari kwa ugonjwa fulani na kwa siku zinazohesabika. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni inapendeza kweli, inakausha vipele, inang'arisha, mtu anakusifia sokoni, alafu taratibu inaikonda ngozi. Sasa ngozi ya kope ndo nyembamba kuliko zote mwilini, ina unene wa kama nusu milimita, ukiikondesha hiyo unabaki na nini? Unabaki na mikunjo mingi zaidi kuliko uliyoanza nayo, na vishipa vya damu vinaanza kuonekana. Alafu steroidi ikipakwa karibu na jicho muda mrefu inaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na presha ya macho ikishakula uwezo wa kuona haurudi. Nakuomba sana dada yangu. Ukiacha unaweza kuwashwa au ngozi ikawa nyekundu na kukauka siku kadhaa, paka mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na harufu, yale ya watoto, vumilia. Ukiona uso unavimba au macho yanauma au unaona ukungu, hapo usivumilie, nenda hospitali na kikopo chako mkononi.

Sasa tuje kwenye makunyanzi. Kesho asubuhi kabla hujanawa uso chukua kioo, simama dirishani mwanga uje kwa pembeni, tulia kabisa kama unapigwa picha ya kitambulisho. Angalia kona ya nje ya jicho, hesabu michirizi unayoiona. Alafu cheka, cheka kweli sio kutabasamu kidogo, uangalie tena. Ile inayotokea ukicheka na kupotea ukitulia ni mikunjo ya msuli. Kuna msuli umelizunguka jicho kama duara, ndo unaofumba kope, kila ukijikunja unaikunja na ngozi iliyo juu yake. Ile michirizi inayobaki hata ukiwa umetulia ni mikunjo ambayo imeshajichora, kolajeni ya chini yake, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi, imekatika na elastini, nyuzi za kuivuta irudi, imelegea, kama vile kitenge ulichokikunja mkunjo uleule mwaka mzima, hata ukikifungua alama ipo. Kwa maelezo yako una vyote viwili, cha kwanza kingi na cha pili kinaanza. Hii tofauti ishike, mana tiba zinagawanyika hapo hapo, na watu wengi wanaopoteza hela wanapoteza kwa sababu wamenunua tiba ya aina moja kwa mkunjo wa aina nyingine.

Kwanini wewe, na kwanini saa hizi? Sisi weusi melanini, ile rangi ya ngozi, inatulinda kiasi, makunyanzi madogo madogo huwa yanatufikia kwa kuchelewa kuliko wazungu. Lakini we umekaa Kibaigwa miaka 16, uwanja wazi, vumbi la mahindi, upepo wa kuanzia mwezi wa sita ambao ukifika huku kanda ya kati hata midomo inapasuka, na jua. Dodoma mjini kwenyewe tuko juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, miezi ya kiangazi wingu hamna, na mwezi wa kumi jua la mchana linapita karibu juu ya utosi kabisa. Mwanga huo ukikupiga unafanya nini? Unakunja macho. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi, siku sita za wiki, umekunja macho. Huo msuli niliokuambia unafanya kazi kutwa kama mbeba magunia.

Na kuna kitu kingine nadhani hujakitaja kwa sababu hukujua kama kinahusu. Una miaka 44. Hebu niambie, simu unaishikia wapi ukisoma meseji ya muamala? Kama umeanza kuipeleka mbali kidogo, au jioni ukiandika daftari la madeni unakunja uso ili namba zisomeke, basi macho yako yanahitaji miwani ya kusomea, ni jambo la umri tu, kuanzia arobaini na kitu linatukuta karibu wote. Nimeona akina mama wanakuja wanaulizia sindano ya macho, nawapa kadi ya kusoma ile ya herufi ndogo, naangalia uso: wote wanakunja kona zilezile wanazozilalamikia. Miwani ya kusomea ni hela ndogo sana ukilinganisha na laki na nusu. Kwaiyo kabla ya kitu chochote kapime macho. Na kama macho yanakuwasha na vumbi unayasugua kwa kiganja, sema hapo hapo upewe dawa ya aleji, mana kusugua nako kunalegeza hiyo ngozi na kuitia weusi.

Alafu miwani ya jua yenye alama ya UV400, yaani inazuia miale mikali ya jua, pana ya kufunika mpaka pembeni, na kofia ya ukingo mpana au mtandio uliovutwa mbele. Najua sokoni watakuangalia, watazoea.

Kuhusu jua nikusimulie kitu kimoja, mana watu huwa wanaona ni maneno tu ya madaktari. Mwaka 2012 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilitoa picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza mizigo miaka 28. Upande wa kulia wa uso ni mzee wa kawaida. Upande wa kushoto, ambao ndo wa dirishani kwao, ngozi imekunjamana mifereji mifereji, nene, inaning'inia, ungesema ni watu wawili wameunganishwa katikati ya pua. Umri uleule, damu ileile, tofauti ni dirisha. Ile miale ya jua inayoitwa UVA inapenya kioo cha gari na inashuka mpaka kwenye kolajeni, nayo ipo kuanzia asubuhi mpaka jioni hata siku ya mawingu. Kwetu usukani uko kulia, na madereva wa masafa nikiwaangalia vizuri mara nyingi ni jicho la kulia ndo limechoka zaidi.

Na kinga inafanya kazi, hilo limepimwa. Kuna mji unaitwa Nambour kule Queensland Australia, watu 903 walifuatiliwa miaka minne na nusu, kundi moja likapaka losheni ya kuzuia jua kila siku, jingine likapaka kwa kujisikia. Matokeo yalitolewa mwaka 2013, waliopaka kila siku ngozi ilizeeka pungufu kwa asilimia 24. Wale wengi ni wazungu, sikudanganyi kwamba namba hiyo ni yako vilevile ilivyo, lakini miale inayokata kolajeni ni hiyo hiyo. Tafuta yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kuzuia jua, ya 30 kwenda juu na iwe imeandikwa inazuia UVA na UVB, ile miale inayounguza ngozi. Ukiipata Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino, ujue ni losheni ya maana, ila hiyo waachie wao kwanza mana wanaihitaji kwa uhai, dukani zipo nyingine nyingi. Kipimo chake kwa uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili, sio kile kitone tunachopaka. Paka saa mbili asubuhi, ukijifuta jasho paka tena mchana. Ikikuacha na weupe weupe kama umepakwa unga, jaribu ya aina nyingine, usiiache kabisa.

Haya, Botox.

Kwanza nikubaliane na wewe kwamba sio uzushi. Kwa mkunjo wa msuli pembeni mwa jicho, bila kupasuliwa, hamna kitu kinachoifikia. Ilianzia kwa madaktari wa macho. Miaka ya themanini walikuwa wanaitumia kwa watu wenye makengeza na wale ambao kope zinajifumba zenyewe bila kutaka, Marekani ikairuhusu kwa kazi hiyo mwaka 1989. Daktari mmoja wa macho wa Vancouver, Jean Carruthers, akagundua wagonjwa wake anaowachoma kwa ajili ya kope wanapotewa pia na mikunjo ya uso, mume wake Alastair ni daktari wa ngozi, wakakaa wakaifanyia kazi, 1992 wakachapisha. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi iliruhusiwa Marekani 2002, na kwa hii yako ya pembeni mwa macho 2013. Kwaiyo ina historia ndefu, na kwa ngozi nyeusi ina faida moja kubwa, haiunguzi wala haichubui ngozi ya juu, kwaiyo haituachii madoa meusi kama vitu vingine ambavyo nitavisema.

Inavyofanya kazi: mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikunje unamwaga kemikali inaitwa asetilikolini. Sindano inaziba hiyo kemikali isitoke. Msuli unapumzika, ngozi ya juu inalala. Unaanza kuona tofauti siku ya tatu au ya nne, wiki ya pili ndo inakamilika, na baada ya miezi mitatu mpaka minne mshipa unajirudishia kazi, unarudi ulivyokuwa. Miezi mitatu mpaka minne, mama. Sio mwaka.

Na hapo ndo nataka utulie. Mtu anayekuambia Botox yake inakaa mwaka mzima, aidha hajui anachokichoma, au anachokichoma sio Botox. Kuna vitu vinavyokaa mwaka na zaidi kwenye bomba la sindano, kuna fila, yaani jeli ya kujazia chini ya ngozi, na kuna silikoni ya maji ambayo ikishaingia haitoki, inatengeneza mabonge, inahama, inaoza ndani. Karibu na jicho fila ikiingia kwenye mshipa wa damu badala ya kukaa kwenye nyama inaweza kusafiri kinyumenyume mpaka kwenye mshipa unaolisha jicho, na hapo mtu anapofuka ndani ya dakika chache. Inatokea kwa nadra, ila inatokea hata kwa madaktari wenye ujuzi, sembuse kwenye kiti cha saluni ambapo hata dawa ya kuyeyusha fila haipo.

Tufanye hesabu ya kibiashara mana hiyo unaijua kuliko mimi. Dozi iliyoruhusiwa kwa macho yote mawili ni yuniti 24 za Botox, yaani 12 kila upande, zimegawanywa sehemu tatu tatu, yuniti nne kila sehemu. Chupa inakuja na unga mkavu, ya yuniti 50 au 100, inachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali. Kwaiyo chupa ya 100 inatosha watu wanne tu, basi. Muulize huyo dada chupa moja anachoma watu wangapi. Akisema kumi, maana yake kila mtu anapata yuniti kumi, ameijaza maji, na utaona tofauti kidogo alafu baada ya miezi miwili imeisha. Ni kama mnunuzi anayekuja Kibaigwa hataki mzani, anataka gunia la lumbesa kwa macho, ungekubali? Na asikuchanganye kwa majina, mana kuna aina nyingine kama Dysport ambayo yuniti zake hazilingani na za Botox, kwaiyo jina na namba viende pamoja.

Kingine ni baridi. Hii dawa inatunzwa nyuzi joto 2 mpaka 8, ndani ya friji, na ikishachanganywa maelekezo yake ni itumike ndani ya saa 24. Sasa inatoka Dar, ije na treni ije na basi, iko kwenye nini? Kwenye pochi? Kwenye boksi la barafu? Na ile iliyobaki jana ameitupa au ndo anakumalizia wewe? Nataka uone boksi lenyewe limefungwa, lina namba ya toleo na tarehe ya kuisha, uone chupa inafunguliwa mbele yako. Botox ni dawa, sio kipodozi, ndo mana iko chini ya TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Na anayechoma lazima awe daktari aliyesajiliwa, jina lake lipo Baraza la Madaktari Tanganyika na ukiuliza hatakiwi kukasirika. Mwaka 2024 Marekani, pamoja na usimamizi wao wote, mpaka mwezi wa nne walishakusanya taarifa za wanawake 22 kwenye majimbo 11 waliodhurika baada ya kuchomwa Botox feki au iliyochomwa na wasiostahili, majumbani na kwenye spa, nusu yao walilazwa. Kope zinashuka, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunakuwa kugumu, kupumua kunakuwa kugumu. Ukichomwa popote pale ukaona hayo ya kumeza na kupumua, ni dharura, usiende kulala.

Hata ikichomwa vizuri unaweza kupata madoa madogo ya damu iliyovilia ya wiki moja, kichwa kuuma siku hiyo, macho kukauka kidogo, na mara chache kope kushuka kwa wiki kadhaa. Wasiochomwa kabisa ni mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa misuli kulegea, mwenye maambukizi au vipele sehemu ya kuchomwa. Ukiwa unachomwa gentamaisini, antibayotiki ya sindano, kwa ugonjwa wowote sema, hizo dawa mbili zinaongezeana nguvu. Na daktari mzuri kabla hajachoma atakuvuta kidogo ngozi ya chini ya jicho kwa kidole na kuiachia. Ikirudi haraka sawa. Ikirudi taratibu kama unga wa ngano uliokandwa, atakuambia asiongeze dozi chini ya jicho, mana msuli ukilegea na ngozi imeshalegea mfuko unashuka. Siku yenyewe baada ya kuchomwa usisugue, usiinamie mizigo, usilale saa nne za kwanza, na kilemba kisibane pembeni mwa uso.

Sasa ile michirizi inayobaki ukiwa umetulia. Huko Botox inasaidia kidogo tu, kazi yenyewe ni ya tretinoini. Ni asidi ya vitamini A, krimu ya kupaka usiku, na kwa maoni yangu ndo hela inayolipa kuliko zote kwenye hii habari nzima, kwa sababu inaifanya ngozi itengeneze kolajeni mpya. Marekani waliiruhusu kwa mikunjo midogo mwaka 1995. Lakini inataka subira, miezi mitatu unaanza kuona, sita ndo unaona vizuri, kwaiyo kwa sendofu usiitegemee, itegemee kwa harusi ya mdogo wake Neema. Tunaanza na nguvu ndogo, asilimia 0.025, punje moja ya njegere kwa uso mzima, usiku mara mbili kwa wiki, ngozi ikizoea tunaongeza. Kwenye macho unaishia kwenye mfupa, ukigusa unausikia, ndani ya mfupa kwenye kope hapana. Itakukausha na kukubambua kidogo mwanzoni, ndo kawaida yake, ila ikiunguza punguza, mana ngozi yetu ikiungua inalipa kwa doa jeusi la miezi. Mjamzito haitumii, na hata kama una 44 nitakuuliza swali hilo, usinishangae. Na subiri kwanza ngozi ipone na hicho kikopo, angalau wiki nne.

Leza: kwa ngozi yetu, pole pole. Leza ya kuchoma ngozi ya juu, ile ya kaboni dioksaidi (CO2), ilisomwa kwa wazungu, mwanga na joto lake kwenye ngozi yenye melanini nyingi vinaacha mabaka meusi au meupe, na wengine kovu la keloidi. Zipo aina salama zaidi kwetu, kama ile ya Nd:YAG yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1,064 inayopita chini ya melanini, na kuna mashine za mawimbi ya redio ambazo haziangalii rangi. Ila ni vipindi vingi, hela nyingi, matokeo ya wastani, na mshikaji wa mashine ndo kila kitu. Akikuambia "leza" bila kutaja ni ipi na ameshawafanyia weusi wangapi, ondoka.

Visindano vidogo vya kutoboa ngozi ili ijijenge ni salama kuliko leza kwa rangi yetu, vikifanywa na mtaalamu, kwa kina kifupi, mara tatu nne hivi kila baada ya mwezi. Roli ya kununua mtandaoni ujitoboe mwenyewe nyumbani, hapana. Na ile ya kuchukua damu yako, kutenga plasma, yaani maji ya damu, na kuirudisha usoni, ushahidi wake sio mkubwa hivyo, na inabeba hatari nyingine ukikosea mahali. Kuna spa ya New Mexico Marekani ilifungwa 2018, haikuwa na leseni, wanawake watatu walipata virusi vya UKIMWI baada ya huduma hiyo. Kwa hela yako mimi nisingeielekeza huko.

Kabla sijasahau, angalia kama miongoni mwa unavyoviita makunyanzi kuna vinundu vidogo vyeusi kama punje za ulezi, mashavuni na chini ya macho. Vinatupata sana sisi Waafrika, ni vya kurithi, havina madhara, lakini vinamzeesha mtu kuliko mikunjo. Hivyo vinaondolewa kliniki kwa kuchomwa na umeme mdogo, dakika chache, bila kisu. Nimekuwa na mama mmoja alikuja na picha ya Botox kwenye simu, tukamtoa vinundu tu, aliporudi wiki ya tatu hakuulizia sindano tena.

Ya nyumbani nayapitia haraka. Mafuta ya alizeti, tena alizeti yenyewe ndo biashara yako, yale yaliyochujwa safi, ni mazuri kwa kutunza ngozi kavu, pakaa ukiwa bado na unyevu baada ya kuoga, hayafuti mkunjo ila ngozi iliyolainika mikunjo yake haionekani sana. Ute wa yai unavuta ngozi nusu saa alafu basi. Tango linapoza tu. Limao na ndimu usithubutu, zinaunguza, na jua likizikuta kwenye ngozi ndo unabaki na ramani nyeusi. Zabibu za Dodoma zile ni za kula, za usoni hapana.

Kalenda yako naipanga hivi. Wiki hii kikopo unakiacha, unapimwa macho, unanunua miwani zote mbili na losheni. Mwishoni mwa mwezi huu njoo au nenda kwa daktari wa ngozi hospitali ya rufaa iliyo karibu, akuangalie ngozi ikiwa imeshatulia. Kama bado unataka sindano, ifanyike wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, sio karibu zaidi ya hapo, ili wiki mbili za kufanya kazi zipite, kama kuna damu iliyovilia iishe, na kama upande mmoja umepungua urekebishwe kabla hujakaa mbele ya kamera. Uliza bei kwa yuniti. Ile ya saluni mwambie asante, hutokuja. Na mwambie daktari akuachie kucheka kidogo kwenye macho, mana dozi inaweza kupunguzwa, siku ya sendofu mama wa binti asiyeweza kucheka kwa macho picha zitamshangaza kila mtu.

Siku ya kuja usipake kitu usoni, njoo na hicho kikopo kwenye mfuko uliofungwa, na picha yako yoyote ya miaka kumi iliyopita iliyopigwa juani.